Mwanza hadi Guangzhou: saa za kwenye tiketi si saa za mteja

Mdogo wangu uliyeanza kukaa kaunta ya tiketi hapa Mwanza, wafanyabiashara watakuuliza kila siku: "Guangzhou ni mbali kiasi gani?" Usikimbilie kilomita. Kwa mstari ulionyooka ni kama 9,100, lakini hakuna ndege inayoufuata mstari huo. Mteja anayepitia Dubai ataanza kwa kushuka Dar, kilomita 850 hivi, apande ya Dubai, ndipo aelekee China. Jumlisha vipande hivyo vitatu, unapita 10,500. Hewani atakaa masaa 14 au 15. Muda uliobaki unaliwa na kusubiri.

Saa zilizoandikwa ni za mji ambao ndege inaondoka au kutua. Tiketi ikionyesha kutoka Dubai 10:15 na kufika Guangzhou 21:50, mgeni wa kazi atahesabu masaa 11 na nusu. Guangzhou imeitangulia Dubai kwa masaa 4 (sisi imetutangulia 5), kwa hiyo ni masaa 7 na dakika 35. Kurudi huchukua muda zaidi, maana huko juu upepo hutoka magharibi: wakati wa kwenda unaisukuma ndege, wakati wa kurudi unaikabili.

Hayo utayazoea ndani ya wiki. Kitakachokutia hasara ni saa zetu za Kiswahili. Tiketi inasema 07:00, mteja anasoma saa 7 mchana, anapanga kwanza apitie sokoni. Na hatari kuliko zote ni ndege za usiku wa manane.

Mimi yalinikuta mwaka wa kwanza. Mama mmoja muuza vitenge, ndege yake kutoka Dar ilikuwa 00:40 Ijumaa. Nikamwambia, "Mama, unasafiri Ijumaa usiku." Ijumaa hiyo jioni akanipigia simu kutoka uwanjani Dar: "Mwanangu, wananiambia ndege imeondoka jana usiku." Nilipaswa kusema usiku wa kuamkia Ijumaa. Gharama ya kubadilisha tarehe ilikatwa kwenye mshahara wangu miezi miwili, na sikuwa na pa kulalamika.

Siku hizi nageuza karatasi ya tiketi, naandika nyuma kwa kalamu: "Alhamisi, saa 3 usiku, uwe umeshafika uwanjani Dar." Kisha namwomba anisomee kwa sauti. Wengine hucheka, wanadhani nawapima kusoma.

Halafu kile kipande cha Mwanza–Dar, usikibane. Kikiwa kwenye tiketi ya peke yake na ndege ikachelewa hapa, ile ya Dubai haimsubiri na nauli yake inaweza kupotea. Ndege yenyewe inatumia kama saa moja na nusu, ndiyo maana watu wanaidharau. Mimi humpandisha ya asubuhi, hata akinung'unika kwamba atashinda Dar mchana kutwa na jua lile.