Barua kwa mwanangu: "Get over it" si pole

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku. Kwanza nilicheka, kisha nikaona haya kwa niaba yako. Unasema mwenzako wa kazini alirudi baada ya wiki 2 za mafua, bado anakohoa, nawe ukamwandikia "Get over it!" ukidhani umemwombea afya. Tangu siku hiyo hakusemeshi. Unalalamika kwamba kamusi imesema wazi: get over ni kupona. Sasa kosa liko wapi?

Kamusi haikukudanganya. She got over the flu, amepona mafua. Ila ukiyatamka maneno hayo kwa kuamrisha, mwenye Kiingereza chake anasikia "acha kudeka, yameshapita hayo." Huambiwa mtu aliyenuna kwa sababu timu yake imefungwa, na hata huyo uwe umemzoea. Sisi kuamrisha afya ni jambo la kawaida. Tunasema "pona haraka", tunasema "ugua pole". Hebu fikiri, tunamwambia mgonjwa augue, tena taratibu, naye anashukuru! Kwa Kiingereza kazi hiyo hufanywa na Get well soon.

Litazame hilo over. Ni mtu na ukuta: anaupanda, anashukia upande wa pili. Ndiyo maana kitenzi hiki hakikubali kusimama peke yake. Kupona kwetu kunajitosheleza, "Baba amepona", basi. Ukisema He got over ukanyamaza, msikilizaji anabaki kukungoja umwambie kavuka nini. Utaje ugonjwa, mshtuko, au japo it. Ukitaka kitenzi kisichodai kitu mbele yake, tumia recover. Na it ikae baada ya over, usiihamishe. Ukisema get it over with, umeshaingia kwenye maana nyingine: kumaliza jambo la kero, kama kung'oa jino, ili liishe tu.

Kwa mgonjwa mahututi, get over ni jepesi mno. Aliyekuwa baina ya uhai na kifo akanusurika, sema pulled through. Aliyezimia akazinduka, came round.

Penye uzito ni msiba. She never got over her son's death. Ukitafsiri "hakupona kifo cha mwanawe", msomaji ataelewa kwamba na mama naye alikufa, maana kupona kwetu ni kunusurika pia. Mimi ningeandika "kifo cha mwanawe hakikumtoka moyoni." Neno kupona silioni kabisa hapo.

Bibi yako alipofariki, hata mwezi haujaisha, mtu mmoja aliniuliza kama I had got over it. Aliuliza kwa upole, simlaumu. Mkononi nilikuwa na miwani ya bibi yako, ile yenye uzi kwenye mkono mmoja, sijui niiweke wapi. Nikamjibu I'm getting there, yaani "naelekea huko, taratibu." Kiingereza nacho kina njia zake za kutojibu.

Na ukisikia mtu anasema I can't get over how tall he is, usimpe pole, haumwi. Anashangaa tu urefu wa mtu, haamini macho yake.

Sasa huyo mwenzako. Usimpelekee kamusi kujitetea. Mfuate mwenyewe, umwombe radhi, umwambie ulikusudia kumtakia heri. Kisha, ukitaka kulitumia neno lako hilo hilo, lipe matumaini mwanzoni na kikohozi mwishoni: I hope you get over that cough soon. Hapo hakuna atakayenuna.

Na kikohozi chako wewe cha mwezi uliopita kimeisha, au umeamua tu kutonitajia?

Mama yako