Maswali ya Wasomaji: Tembo Wanapoingia Shambani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima ekari tatu za mpunga na mahindi katika Bonde la Kilombero, chini ya Milima ya Udzungwa. Mazao yanapokaribia kukomaa, tembo huja usiku. Nimelala dunguni wiki tatu nikipiga madebe, lakini sasa wanayasikia wakaendelea kula. Kwa nini hifadhi isizungushiwe uzio, kila mmoja akabaki kwake? Na hiyo mizinga ya nyuki inayosifiwa inafaa kweli? — Mkulima, Kilombero.

JIBU: Ndugu mkulima, pole kwa mazao yako na kwa usingizi uliopotea. Nianze na uzio, kwa kuwa ndilo ombi tunalolipokea mara nyingi zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na tembo wake hawakuzoea kuishi milimani peke yake. Tangu zamani walikuwa wakishuka, wakavuka bonde na kuingia katika mbuga zilizo mashariki, ambazo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Njia hizo, yaani shoroba, zimebanwa na mashamba ya miwa na mpunga, vijiji na barabara, hata tembo anayefuata njia ya mama yake hujikuta amesimama katikati ya mahindi ya mtu. Ukizungusha uzio pande zote utakuwa umewafungia wanyama mlimani, na ukiuweka kipande kipande watauzunguka na kumwangukia jirani yako. Kwa maoni yangu, ushoroba uliotengwa na kuheshimiwa, wenye uzio pembeni mwake tu ili kuwaongoza wanyama, una manufaa kuliko ukuta wa hifadhi nzima, ingawa kuutenga kunadai wenye ardhi wakubali na walipwe stahiki yao, jambo ambalo si jepesi.

Kuhusu madebe, tembo hujifunza. Kelele isiyofuatiwa na maumivu huizoea baada ya siku chache. Nyuki ni habari nyingine, maana ngozi ya tembo ni nene lakini macho na ndani ya mkonga ni laini, na huko ndiko nyuki humchoma. Mbinu hii ilijaribiwa kwanza Kenya, na baadaye wakulima wa pembezoni mwa Udzungwa nao wakaitumia. Mizinga huning'inizwa kati ya nguzo, mmoja kila baada ya mita 10 hivi, ikiunganishwa kwa waya mmoja, na baadhi yake huweza kuwa vibao tu vilivyokatwa kwa umbo la mzinga ili kupunguza gharama. Tembo anapousukuma waya kwa kifua, mizinga yote ya karibu huyumba na nyuki hutoka. Usitazamie muujiza, hata hivyo. Mzinga usio na nyuki ni ubao tu, na wengi wanaolalamika kwamba mbinu imeshindwa ukiwatembelea utakuta buibui ndani. Weka kivuli, weka maji karibu wakati wa kiangazi, paka nguzo oili chafu kuzuia siafu, na kagua waya kila baada ya mvua. Asali utakayorina itakulipa sehemu ya kazi hiyo.

Usiposubiri nyuki wahamie, tumia kamba iliyofungwa vitambaa vilivyochovywa katika oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa ya unga. Mvua huiosha, kwa hiyo lazima irudiwe.

SWALI: Je, nikishaliwa mazao ninalipwa? — Mkulima huyohuyo.

JIBU: Kuna malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Jina lenyewe linakuonya kwamba si fidia ya thamani yote ya kilichopotea. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga kwamba malipo ya mazao yasizidi ekari 5, na kwamba kiwango kiongezeke kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, huku lile lililo ndani ya mita 500 likikosa kabisa. Pima umbali wako kabla ya kuanza kufuatilia. Usivune mabaki kwanza: mwite mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya waone nyayo, vinyesi na mashina yaliyovunjwa, nawe upige picha asubuhi hiyohiyo, kwa kuwa mvua moja ya usiku katika udongo wa bondeni hufuta unyayo wote.