Kamera nne, harusi moja: mradi uanze na mpangilio upi?

Harusi ya hapa Amu (Lamu) siku hizi haina mpigaji video mmoja. Kuna kamera ya studio iliyorekodi nikaha msikitini, kuna simu ya binamu aliyetoka Mombasa, kuna droni iliyopaa juu ya mashua zilizoleta wageni kutoka Pate, kisha anatokea mjomba na kaseti ya harusi ya wazazi, anataka kipande chake kiwekwe mwanzoni. Zote zinakuja kwenye kompyuta yako. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kuhusu rangi na muziki. Mimi huwaambia waamue kwanza kasi ya fremu, yaani picha ngapi kwa sekunde, kabla hawajaingiza klipu hata moja.

Programu nyingi za kuhariri, ukiburuta klipu ya kwanza, hukuuliza kama ungependa mradi uifuate. Mtu ana haraka, anabonyeza ndiyo. Ikiwa klipu ile ilitoka kwenye simu, mradi mzima umeshakuwa wa simu. Katika DaVinci Resolve, ambayo wengi tunaitumia kwa kuwa toleo lake la bure linatosha, kasi ya fremu ya mradi hufungwa ukishaingiza klipu, na ukitaka nyingine baadaye itakubidi utengeneze taimlaini mpya, yaani ule mstari unaopangia klipu. Ukubwa wa picha hauna ukaidi huo. Huo unaweza kuubadilisha hata siku ya mwisho.

Mimi huanzia 25, na sababu iko ukutani: umeme wa Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za tyubu na nyingi za LED za bei nafuu humeta mara 100 kila sekunde. Kamera ya fremu 25 yenye shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde hupatana nazo. Simu iliyoachwa kwenye 30 na shata ya 1/60 hutoa mistari ya giza inayopanda na kushuka ukutani, na ukumbi wa usiku wenye mapambo meupe huionyesha yote. Mistari hiyo huiondoi kwa mpangilio wa mradi, imeshaingia kwenye picha. Kwa hiyo ukipata nafasi, zungumza na wenye simu kabla ya shughuli. iPhone, kwa mfano, ina sehemu ya kuwasha mifumo ya PAL (ule mfumo wa televisheni wa fremu 25) kwenye mipangilio ya kamera, nayo hukupa 25.

Klipu za 30 zikiingia kwenye mradi wa 25, programu hutupa fremu moja katika kila sita. Mtu aliyeketi akinywa kahawa, hakuna atakayegundua. Lakini mashua inayokatiza mbele ya mji, au droni inayogeuka polepole juu ya mapaa ya mtaa wa Langoni, hapo picha huanza kurukaruka. Kinyume chake, 25 ndani ya 30, fremu moja katika kila tano hurudiwa, na kwa macho yangu hiyo ni mbaya zaidi. Klipu za 50 hazina shida kabisa: inachukuliwa fremu moja, inaachwa moja, au unazipunguza mwendo nusu na kila fremu ikatumika. Za droni zilizopigwa kwa 60 mimi huzipunguza hadi asilimia 41.67, zikawa mwendo wa taratibu usio na mkwaruzo. Kuna ile njia ya kuiachia programu ibuni fremu za katikati. Ijaribu kwa tahadhari. Kamba za tanga hupinda, na mtu akipita mbele ya mlango wa nakshi, nakshi nazo hutembea naye.

Sasa, usiwe mkaidi. Kama sehemu kubwa ya dakika zitakazobaki kwenye video imetoka kwenye simu, na mwisho wake ni kwenye WhatsApp na TikTok, fungua mradi wa 30, wima, 1080 kwa 1920, ulale mapema. Hesabu dakika zitakazotumika, si idadi ya klipu. Binamu anaweza kukuletea klipu mia na usitumie hata tano.

Simu zina jambo jingine: ile 30 yao hupanda na kushuka, hasa gizani. Matokeo yake ni sauti ya kasida kuachana na midomo kadiri klipu inavyoendelea. Klipu ndefu za simu zipitishe kwanza HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, uchague kasi isiyobadilika, ndipo uziingize. Sauti ya mradi iweke 48 kHz.

Kuhusu ukubwa wa picha, 1080 (pikseli 1920 kwa 1080) inatosha hata kama kamera na droni zilipiga 4K. Fremu ya 4K ina pikseli mara nne, kwa hiyo unaweza kuivuta karibu hadi mara mbili bila picha kuharibika, na laptopu yako ikapumua. Kaseti ya zamani ya PAL ni 720 kwa 576, nayo, kwa bahati nzuri, ni ya 25. Ondoa ile mistari ya picha iliyofumwa (kila fremu ni nusu mbili za mistari inayopishana), uache pande mbili nyeusi. Usiivute ijaze skrini ukamnenepesha mama wa watu.

Kanda za kupamba, sherehe ya wanawake peke yao, ziwe na mradi wake na diski yake. Nazihariri mwenyewe kwa kuwa mimi ni mwanamke, na hazichanganyiki na taimlaini ambayo bwana harusi atawaonyesha rafiki zake.

Kisha, kabla ya kukata chochote cha maana, chukua vipande vigumu kuliko vyote, yaani mashua, droni, ukumbi wa usiku na kaseti, uviunganishe nusu dakika, uvitoe, uvitazame kwenye televisheni ya mteja mwenyewe. Vikiruka, badilisha mpangilio sasa, taimlaini ingali na klipu nne tu.