Mchezo wa zamani uliotolewa upya upimwe vipi?

Swali: Mhariri, mchezo wa video wa zamani unapotolewa upya, mhakiki aulinganishe na ule wa awali au na michezo ya leo?

Jibu: Hutegemea kilichofanywa. Resident Evil 2 ya mwaka 1998 ilitumia kamera zisizosogea, ilhali ile ya 2019 iliundwa upya kabisa, kamera ikimfuata mhusika nyuma ya bega, hivyo ni haki kuipima kama mchezo mpya. Palipong'arishwa picha tu, mhakiki achunguze kama mchezo unakwenda bila kukwama. Final Fantasy VII Remake ya 2020 ni ngumu zaidi kuihukumu, kwa kuwa inasimulia sehemu ya mwanzo tu ya hadithi ya mchezo wa awali wa 1997, tena kwa kuibadili. Anayeisifu kwa kumbukumbu za utotoni pekee hamsaidii mnunuzi ambaye hakuwahi kuicheza ile ya kwanza.