Kitabu cha picha kwa mtoto wa miaka 3

SWALI: Nikimsomea mwanangu wa miaka 3, ukurasa wa pili tu ashaondoka. Nichague kitabu gani? – Mama, Kisauni

JIBU: Mama, huenda maneno yamezidi. Tafuta chenye sentensi 1 au 2 kila ukurasa, na kibwagizo kinachojirudia ili naye adakie. Kisome kwa sauti palepale dukani. Ulimi ukikwama, kirudishe. Kisha kisimamishe hatua 2 mbali: picha ionekane wazi. Akiona ngalawa, au feri kama ya Likoni, ataanza kusimulia yake. Mwache! Kumkatiza ili umalize ukurasa ndiko kunakomfukuza. Dakika 5 hadi 10 zatosha. Kesho akitaka kilekile, msomee kilekile. Ndivyo maneno yanavyomkaa.