Mabamba matatu ya milimita 3 hayafanyi bamba moja la milimita 9

Mkuu, usimlipe huyo muuza vyuma kwanza. Umeandika kwamba unataka kupachika mabamba matatu ya milimita 3 kwenye mlango wa kibanda cha mlinzi ili uzuie risasi, ukauliza pia bawaba zitakazohimili uzito, rangi ya kuzuia kutu na kioo cha dirisha. Mimi nimekwama kwenye hayo mabamba, kwa sababu nami niliyanunua.

Aliyeniponza ni muuzaji aliyeniapia, kwa ujasiri wa mtu asiyewahi kusimama nyuma ya mlango anaouuza, kwamba tabaka nyingi "huichosha risasi". Nikachomelea kingo, nikapiga rangi, nikajisifu. Bahati nzuri mteja alishikilia kwamba mlango ujaribiwe kwanza kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali. Risasi ya AK ya milimita 7.62, ambayo hutoka mtutuni kwa takriban mita 700 kwa sekunde, ilipita mabamba yote matatu: la mbele lilikuwa na tundu la mviringo, la nyuma lilikuwa limechanuka kama ua, na katikati yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha ncha ya bisibisi. Mlango huo sasa ni meza ya karakana yangu, na kwa umeza hauna mpinzani.

Bamba likiongezwa unene mara tatu, ukakamavu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara 27, ilhali mabamba matatu yaliyolazwa pamoja, kila moja likiteleza kivyake, hufikisha mara 3 tu. Nililipia uzito wa milimita 9 nikapewa sehemu moja ya tisa ya ukakamavu wake, na kuchomelea kingo hakukusaidia, kwa kuwa risasi haikupiga kingo.

Tabaka hufaa zinapogawana kazi: bamba gumu mbele livunje kiini cha risasi au liipindishe, kisha nafasi, kisha bamba lisilopasuka upesi lidake vipande. Chuma laini cha dukani, chenye ugumu wa takriban 120 kwa kipimo cha Brinell, hakiiwezi kazi ya mbele. Chuma cha kivita hufikia 500 hivi.

Kwa hiyo nunua bamba moja lenye cheti cha kiwanda kinachotaja ugumu na aina ya risasi lililojaribiwa nayo, ulifunge kwa boliti kupitia matundu yaliyotobolewa huko huko kiwandani, maana joto la kuchomelea hulilainisha. Muuzaji akisema cheti kimebaki ghala jingine, mwambie akifuate, nawe ukae na fedha zako mfukoni mpaka arudi.