Kopo la dawa halitibu ubavu wa tairi

Mleta mada ameuliza kama ni sawa kampuni kuuza gari jipya bila tairi la spea, na mchangiaji mmoja kamjibu kwamba spea ni mambo ya kizamani, kopo la dawa ya kuziba pancha na pampu ya umeme vinatosha. Mkuu, vinatosha Tokyo.

Watengenezaji wana sababu zao. Ukitoa tairi, jeki na spana, gari linakuwa jepesi, hesabu ya mafuta inapendeza kwenye makaratasi, na gharama inapungua. Mteja wao akipata pancha anapiga simu, msaada unakuja. Hapo sina ugomvi nao.

Ila dawa ile ni ya tundu la msumari pale tairi linapokanyaga, upana wa milimita 4 hivi. Ubavu ukichanika haisaidii kitu. Na huku kwetu matairi mengi yanafia ubavuni: lami iliyomeguka kingo, mashimo, mawe ya njia za mchepuko. Mimi ilinikuta ndani ya hifadhi ya Mikumi, kwenye kile kipande cha kilomita 50 hivi ambacho barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza mbugani. Shimo, kishindo, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Kucheki, mpasuko ubavuni unaingiza kidole. Pale si mahali pa kushuka na kuzurura. Mwenzangu alisimama akiangalia vichaka, mimi nikafungua nati huku nasali. Spea ilikuwa ile nyembamba, tukajikokota nayo hadi Mikumi mjini kwa fundi. Tungekuwa na kopo tu, tungekaa pale kungoja bredauni, na bei anapanga yeye.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaliangalii. Gari "jipya" kwa wengi wetu ni jipya kwetu tu, Japan limeshatembea miaka minane au kumi. Kopo la dawa lina tarehe ya mwisho wa matumizi, na ni ya miaka michache. Kwa hiyo unaweza kutoa gari bandarini na kopo limejaa, halijaguswa, lakini limeisha muda kabla hata gari halijapanda meli. Soma tarehe, usitikise tu kopo ukaridhika.

Hata hiyo spea nyembamba ina masharti yake. Mwisho kilomita 80 kwa saa. Upepo wake ni psi 60, si 32 kama matairi mengine, na ikikaa miaka kwenye buti upepo unapungua kimyakimya. Kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele na pancha ni ya mbele, hamishia mbele tairi zima la nyuma, nyembamba ikae nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini unaokoa difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

Kwa hiyo jibu langu: gari linalouzwa huku lije na spea kamili ndani ya bei, anayetaka kopo aombe apunguziwe. Kwa wewe unayeagiza, muulize wakala picha ya chini ya zulia la buti kabla hujalipa. Ukikuta hakuna spea, tafuta rimu yenye idadi na mpangilio uleule wa matundu ya nati, kisha ijaribishe kwenye gari hapohapo dukani. Na kama una rimu za fasheni zenye nati ya ufunguo maalumu, uliza ufunguo uko wapi. Yadi nyingi watakutazama tu.